Ulanzi, ziwa na saa za jioni

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati moja ya kijiji, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, nikimsubiri shemeji yangu aliyempeleka mtoto kupima uzito. Mlango wa muuguzi haukufungwa na mzani ulikuwa palepale mlangoni, kwa hiyo yaliyosemwa ndani tuliyasikia sote. "Mama, unatumia pombe?" muuguzi akauliza, kalamu mkononi. "Hapana dada, pombe situmii." Kalamu ikaandika. Yule mama akambeba mwanawe mgongoni, akakaza kitenge, na alipofika mlangoni akaongeza, kama mtu aliyesahau kuaga: "Nakunywa ulanzi tu."

Muuguzi akacheka. Na sisi wa kwenye benchi tukacheka. Daftarini jibu likabaki "hapana".

Hakudanganya. Kwetu Uheheni pombe ni bia, konyagi, gongo, kitu kinachotoka dukani au kwa mtu anayekimbia polisi. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi. Mvua zikianza, mwanzi mchanga hukatwa ncha, na mgema huupitia asubuhi na jioni akiuchonga kidogo kidogo kwa kisu, utomvu ukidondokea kwenye mbeta, yaani kipande cha mwanzi kinachofungwa kuukinga. Ukinywewa papo hapo ni mtamu, unaitwa mtogwa, na watoto hupewa bila mtu kushtuka. Ukilala, au ukikingwa kwenye mbeta yenye machicha ya jana, unakuwa mkangafu, na mkangafu humlaza mwanaume mzima njiani. Katikati ya huo mtamu na huo mkali hakuna mpaka. Hakuna lebo wala asilimia iliyoandikwa popote. Lita ya saa nne asubuhi na lita ya saa kumi na mbili jioni zinaweza kutoka ndoo moja na zisiwe kinywaji kimoja.

Na mama anayenyonyesha akionekana ameshika kopo, hakuna anayemuuliza. Anashusha maziwa. Bibi zetu walisema hivyo, na Wachaga wanasema hivyo hivyo kuhusu mbege, kinywaji chao cha ndizi na ulezi.

Sasa weka hilo kando ya takwimu moja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu 57. Njombe, 50. Hii ni mikoa ya mahindi, viazi, maharage, maziwa na parachichi, mikoa inayopakia malori kwenda kulisha Dar es Salaam. Kila kikao cha lishe kinashangaa upya, na kila kikao lazima mtu asimame aseme ni ulanzi: akina mama wanalewa, halafu wanawanyonyesha watoto sumu.

Ulanzi siutetei, lakini nina ugomvi na sentensi hiyo. Imechukua jambo la kweli ikaliweka mahali pasipo pake, na mama wa kijijini analijua hilo kwa macho yake. Jana alikunywa, akanyonyesha, mtoto akalala, asubuhi akaamka anacheka. Ukimwambia amempa sumu, atakuitikia kwa heshima, na kuanzia siku hiyo hatakuambia ukweli tena.

Tuanze na hiyo sumu, kwa hesabu. Kilevi hupita kutoka damuni kwenda kwenye maziwa bila kizuizi, na hurudi damuni vivyo hivyo. Hakihifadhiwi ndani ya ziwa. Kiasi kilichomo kwenye maziwa saa yoyote ni karibu sawa na kilichomo kwenye damu saa hiyo hiyo, na kilele chake ni kati ya nusu saa na saa moja baada ya kunywa, au mpaka saa moja na nusu kama mama alikuwa ameshiba. Ndiyo maana kukamua na kumwaga maziwa hakuharakishi chochote. Damu ikisafika, maziwa yamesafika. Damu ikiwa bado, unaweza kukamua mpaka vidole viume na yatakayofuata yatakuwa yale yale.

Chukua mama wa kilo 57 aliyekunywa lita moja ya ulanzi wenye kilevi cha asilimia 5. Hiyo ni kama gramu 40 za kilevi. Akinywa haraka, damu yake itafika karibu asilimia 0.1, kiwango ambacho mtu hapaswi hata kugusa usukani. Maziwa yake nayo yatakuwa hapo hapo, asilimia 0.1, mara hamsini chini ya kinywaji chenyewe. Mtoto akinyonya mililita 100 atapata takriban sehemu ya kumi ya gramu. Watafiti wanakadiria kwamba, kwa kulinganisha uzito wa miili yao, mtoto hupata kama asilimia 5 au 6 tu ya alichokunywa mama.

Ni kidogo. Nakiandika kwa maandishi meusi kwa sababu matangazo mengi hayakiandiki. Linganisha na mimba: tumboni hakuna punguzo, damu ya mtoto hufika kilevi kile kile cha damu ya mama, na ubongo ndio kwanza unajengwa. Kama serikali ina bango moja tu la kupaka rangi, lipakwe kwenye kliniki ya wajawazito.

Ila kidogo hicho kinaingia kwa nani? Ini la mtoto wa wiki chache huvunja kilevi kwa takriban nusu ya kasi ya mtu mzima. Na mama anayekunywa kila siku, sana, hatoi kidogo tena. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani waliandika juu ya mtoto wa miezi minne aliyekuwa amenenepa uso na mwili kwa namna isiyo ya kawaida huku urefu ukidumaa. Mama yake alikuwa akinyonyesha huku akinywa makopo ya bia yasiyopungua 50 kwa wiki, ukiacha pombe kali. Alipoacha kunywa, mtoto alianza kukua. Huyo ni mtoto mmoja, na mfano wa kupindukia, lakini unaonyesha kuwa matone nayo yakizidi yanakuwa mto.

Kwa wengi wa akina mama wa kwetu, hata hivyo, mimi sina hofu kubwa na matone. Nina hofu na saa.

Mwaka 1991 Julie Mennella na Gary Beauchamp wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu mjini Philadelphia, walichapisha jaribio dogo ambalo bado naliona ni la thamani kuliko mahubiri mengi. Akina mama walipewa siku moja juisi ya machungwa iliyotiwa kilevi kidogo, siku nyingine juisi tupu. Watoto wakanyonya watakavyo, wakapimwa. Siku ya kilevi walinyonya mara nyingi zaidi mwanzoni, lakini walipata maziwa pungufu kwa takriban asilimia 20 katika saa tatu hadi nne zilizofuata. Akina mama wenyewe hawakugundua. Kwao mtoto alinyonya, tena sana.

Baadaye ikajulikana kwa nini. Ziwa linaendeshwa na homoni mbili: prolaktini inayoyatengeneza maziwa, na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Kilevi hupandisha ya kwanza na kuishusha ya pili. Matiti yanajaa, yanakuwa mazito, yanauma kidogo, na mama anahisi kabisa kwamba maziwa yameongezeka. Mlango wa kutokea ndio umebanwa. Kwa hiyo bibi aliyesema ulanzi unajaza kifua aliona vizuri. Alichokiona kilikuwa kifua. Hakuwa na namna ya kuona kilichoingia tumboni mwa mjukuu.

Bibi zetu hawako peke yao. Mwaka 1895 kampuni ya bia ya Anheuser-Busch ya Marekani ilianza kuuza Malt-Nutrine, kinywaji cha kimea chenye kilevi kidogo, na wateja waliolengwa walikuwa wajawazito na wanaonyonyesha. Kiliuzwa kwenye maduka ya dawa. Wa Ulaya nao walikuwa na bia zao nyeusi za mzazi. Na kwao kuna punje ya ukweli, maana shayiri ina kitu kinachopandisha prolaktini, na kinafanya kazi hata kwenye bia isiyo na kilevi. Mchaga naye anaweza kujitetea kwa ulezi uliomo kwenye mbege, ingawa ulezi huo huo unapatikana kwenye uji na mtu asipepesuke. Sisi wa ulanzi ndio hatuna pa kushika. Mwanzi hauna nafaka hata punje moja.

Nilitafuta sana utafiti uliofanywa kwa watu wanaofanana na sisi, maana juisi ya machungwa ya Philadelphia iko mbali na kilabu cha Kilolo. Niliupata Meksiko. Nyanda za juu za katikati ya nchi hiyo wana mmea wa jamii moja na mkonge wetu. Huutoboa kitovuni, wakakinga utomvu mtamu, wakauacha uchache, ukawa pulque. Ukibadilisha mkonge kwa mwanzi unapata ulanzi. Ni chakula, ni kiburudisho, ni dawa, na hunywewa na mama mzazi kwa sababu unaongeza maziwa. Hata imani ni ile ile.

Watafiti walifuatilia kaya za bonde la Solís, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Zaidi ya theluthi mbili ya akina mama walikunywa pulque wakiwa wananyonyesha. Wanywaji walitumia kwa wastani kama gramu 114 za kilevi kwa wiki. Nimelipiga hesabu hilo kwa ulanzi wa asilimia 5: ni chini kidogo ya lita tatu kwa wiki, nusu lita kwa siku haifiki. Kwetu mtu wa nusu lita anaitwa mtu asiyekunywa. Lakini kadiri mama alivyokunywa zaidi wakati wa kunyonyesha, ndivyo mtoto alivyoongezeka uzito na urefu polepole zaidi, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa 57, na kufikia umri huo alikuwa mfupi na mwepesi kuliko wenzake. Hilo lilionekana hata baada ya kutenganisha alichokunywa mama wakati wa mimba.

Ulikuwa utafiti mdogo, wa akina mama wachache, kwa hiyo sitasema umethibitisha kinachotokea Iringa. Ila kama ningekuwa afisa lishe wa mkoa wenye udumavu wa 57, ningeulizia nauli ya kwenda Meksiko.

Hapa msimu ndio unaonikosesha usingizi. Mennella aligundua jambo jingine lililo zuri: mtoto aliyekosa maziwa jioni hulipa deni. Katika saa za 8 hadi 16 baadaye, kama mama hakunywa tena, mtoto hunyonya zaidi na kufidia. Mwili mdogo una akili yake. Mama aliyekunywa harusini Jumamosi hana haja ya kujutia wiki nzima, kwa sababu Jumapili mtoto atakuwa ameshajilipa. Lakini ulanzi hauna Jumamosi. Tangu mvua za Desemba mpaka Mei mwanzi unatoa kila siku, na usiponywewa leo kesho ni siki. Mgema anashusha jioni, kilabu kinajaa saa kumi na moja, na mtoto ananyimwa sehemu ya maziwa saa zile zile, siku kwa siku, miezi mitano. Akijaribu kujilipa asubuhi, mama ameshika jembe, maana msimu wa ulanzi ndio msimu wa palizi.

Mtoto huyo hatalia njaa kwa namna ya kutisha. Atakuwa mtoto wa kulialia usiku. Kilevi kwenye maziwa hakimlazi mtoto kama watu wanavyodhani. Walipopimwa, watoto walilala dakika 57 ndani ya saa tatu na nusu baada ya kunyonya maziwa yenye kilevi, dhidi ya 78 siku ya kawaida. Anasinzia haraka, anashtuka haraka. Na kijijini mtoto wa kulialia asiyenenepa ana jina tayari: amebemendwa. Wataangaliwa baba na mama, nani alitoka nje, nani hakuvumilia. Ndoa nzima itahojiwa na kopo la ulanzi litakuwa linazunguka mkono kwa mkono katikati ya kikao hicho hicho.

Na akili ya mtoto? Hapo sayansi inasuasua, na ni haki kusema hivyo. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani waliwapima watoto 400 wa mwaka mmoja wakakuta waliokuwa wakinyonyeshwa na mama anayekunywa kila siku wako nyuma kidogo katika kutumia viungo vyao. Kwenye akili hakukuwa na tofauti. Waliporudia Uingereza kwa watoto wa miezi 18, na kuchapisha mwaka 2002, tofauti ile haikuonekana. Halafu mwaka 2018 ukaja utafiti wa Australia uliokuwa umewafuata watoto zaidi ya 5,000. Waliokuwa wamenyonyeshwa na mama mnywaji walipata alama pungufu kidogo kwenye mtihani wa kufikiri kwa maumbo walipofika miaka 6 na 7, na kadiri mama alivyokunywa zaidi, alama zilipungua zaidi. Kwa watoto ambao hawakunyonya kabisa, unywaji wa mama haukuonyesha alama hiyo. Ulinganisho huo ndio wenye uzito, kwani kama tatizo lingekuwa nyumba ya kilevi kwa ujumla wake, mtoto wa chupa naye angeonekana. Walipokua zaidi tofauti ikafifia. Afrika Kusini, kwenye mashamba ya zabibu ya Western Cape ambako karibu nusu ya akina mama waliohojiwa walikunywa wakinyonyesha, picha ilikuwa nzito zaidi: watoto wepesi, na alama za lugha za chini. Huko lakini wengi walikunywa tangu mimba, na kuzitenganisha mimba na ziwa katika mwanamke mmoja ni kazi ngumu kwa mtafiti yeyote.

Ukiniuliza mimi, mtoto wa Kilolo hahitaji athari ya moja kwa moja kwenye ubongo ili aachwe nyuma darasani. Kupungukiwa maziwa kila jioni, usingizi wa kukatikakatika na mama asiyeitikia anapogugumia vinatosha. Mtoto hujifunza kuongea kwa kujibiwa. Mama aliyerudi kilabuni saa mbili usiku, amechoka na kichwa kizito, anampa ziwa ili anyamaze. Wakati mwingine usingizi humchukua ziwa likiwa mdomoni mwa mtoto, kitanda kimoja, blanketi moja, baridi ya Uheheni. Kumlalia mtoto ni neno tunalolijua wote na hatulisemi msibani. Huwa tunasema Mungu kampenda zaidi.

Halafu kuna lile la mtogwa, ambalo watu wa mabango hawaligusi kabisa. Mtoto wa miezi mitatu anaonjeshwa, kijiko kimoja, "ni utamu tu". Rudi kwenye hesabu yetu. Mililita 100 za maziwa ya mama aliyelewa zina kama sehemu ya kumi ya gramu ya kilevi. Kijiko kimoja cha mezani cha ulanzi ulioanza tu kuchacha, wenye asilimia 2, kina zaidi ya mara mbili ya hapo. Kijiko kimoja! Tunampigia kelele mama kuhusu ziwa, na shangazi aliyekaa pembeni anampa mtoto dozi kubwa zaidi kwa mkono wake huku tukitabasamu. Achilia mbali kwamba ulanzi hauchemshwi. Mbeta ina nzi, ndoo ina historia, na kuhara kwa mtoto ni njia ya mkato ya kwenda kwenye udumavu. Methali inamlaumu mgema kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa mama anayenyonyesha mgema wa hivyo angekuwa msaada, isipokuwa ningependa kujua maji ameyachota wapi.

Nirudi kwa muuguzi na daftari lake. Moshi, katika hospitali ya KCMC, wana rejesta ya uzazi iliyoanza miaka ya mwanzo ya 2000. Mwaka 2000 karibu nusu ya akina mama walisema walikunywa wakati wa mimba. Mwaka 2010 ilikuwa kama mmoja kati ya watano. Ni habari njema, nami nataka kuiamini. Ila kila nikiisoma namsikia yule mama mlangoni. Elimu hubadilisha unywaji, na elimu hiyo hiyo humfundisha mtu jibu ambalo muuguzi anapenda kulisikia. Rejesta haiwezi kukuambia ni wangapi waliacha kopo na wangapi waliacha tu kulitaja.

Hofu yangu ya mwisho iko upande wa pili. Ukimtisha mama sana kuhusu maziwa yake, hataacha ulanzi, ataacha kunyonyesha. Ataona bora mtoto anywe uji mwepesi wa mahindi akiwa na miezi miwili kuliko "sumu". Hapo tumemuua nyani tukaliacha shamba kwa ngedere. Ziwa la mama anayekunywa mara moja moja bado ni bora mara nyingi kuliko uji huo, na hakuna chombo kikubwa cha afya kinachoshauri mama wa namna hiyo aache kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya ya mtu. Sina ubishi nalo. Lakini mama aliye mbele yako ana kopo mkononi sasa hivi, na jioni atanyonyesha. Huyo anahitaji maelekezo ya jioni ya leo.

Anyonyeshe kwanza, ashibishe, ndipo anywe kama lazima anywe. Kisha asubiri. Kanuni ya wenzetu ni saa mbili hadi mbili na nusu kwa kila kinywaji, na kinywaji chao kina gramu 14 za kilevi. Lita yetu ya ulanzi wa asilimia 5 ina karibu vitatu vya namna hiyo, yaani saa sita na zaidi, usiku wa manane. Mama akilisikia hilo kwa lita, si kwa "kinywaji kimoja cha kawaida" ambacho hajawahi kukiona, ataelewa mwenyewe kwamba nusu lita na lita mbili ni dunia mbili. Anaweza kukamua mchana maziwa safi yakakaa kwenye kikombe kisafi chenye kifuniko. Mtoto alale na mtu ambaye hakunywa. Na anayekunywa kila siku bila kuweza kupitisha siku moja, huyo hana shida ya ratiba, ana ugonjwa, na ugonjwa hupewa tiba.

Huyo mtu ambaye hakunywa ni nani, lakini? Jioni ya Februari baba yuko kilabuni kabla ya mama. Na pengine mama yuko pale kwa sababu ndiye anayeuza: ulanzi wa ndoo tatu ndio ada, ndio sabuni, ndio nauli ya kwenda zahanati kumpima mtoto uzito. Hawezi kuuza bila kuonja, na mteja hamwamini muuzaji asiyeonja. Sijawahi kuona bango la lishe lenye picha ya baba akiwa amempakata mtoto saa moja usiku, kichwa kikavu. Wachoraji wetu wanajua kuchora mama na kopo lenye alama ya msalaba mwekundu. Ukienda kilabuni kuwahubiria wanawake peke yao, wanaume wanakusogezea kiti ukae vizuri.

Mwaka huu msimu wa mvua nilirudi kijijini kumpeleka mama mkubwa kliniki ya presha. Muuguzi alikuwa mwingine, binti mdogo, anaongea Kihehe cha kuokoteza. Mbele yetu kulikuwa na mama mwenye mtoto wa miezi kama minne hivi.

"Kamwene, mama. Ulanzi mwaka huu umeanza kutoka kwenu?"

"Umeanza, sana tu."

"Unakunywa saa ngapi?"

Mama akamtazama, akatutazama na sisi. "Saa kumi na moja. Wakishagema."

"Na huyu saa hizo ananyonya?"

"Ananyonya akilia."

Binti akavuta kiti karibu, akageuza kadi ya mtoto upande usio na maandishi, akaanza kuchora mstari wa jioni: saa kumi, kumi na moja, kumi na mbili, moja, mbili.